Tupeane uzoefu: Trekta ndogo ya kukata nyasi kiangazi na kuondoa theluji majira ya baridi

Mgosi wa Anoka

Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu ni wa wale tulioko Marekani na Kanada wenye ekari kadhaa nje ya mji, ambao nusu ya mwaka tunapambana na nyasi na nusu nyingine theluji.

Niko kaskazini mwa Minneapolis. Eneo ni ekari 5, za kukata nyasi kama 3 hivi, na njia ya gari ni ya changarawe, mita 120 kutoka barabarani hadi gereji, ina kona moja. Nyasi nakata kwa mashine ya kukalia niliyouziwa na mzee jirani. Theluji anakuja jamaa mwenye pikapu yenye plau mbele (bamba la kusukumia theluji), ila siku hizi ameanza kuchagua simu za kupokea.

Nyumbani tumekubaliana tununue trekta moja ifanye kazi zote mbili. Nimepita kwa wauzaji, na kila mmoja anaisifia rangi ya kampuni yake: ya chungwa, ya kijani, nyekundu. Mimi nataka kumsikia anayeitumia. Una eneo gani, umenunua ipi, na ni swali gani la kuuliza kabla ya kusaini? Tiririkeni.

Pwani Mchangani

Nimeweka kigoda. Uzi huu nilikuwa nausubiri.

Mjukuu wa Karatu

Mgosi, anza na theluji, nyasi zifuate. Nyasi zikikushinda leo utazikata Jumamosi. Theluji ukiilaza, kesho ni barafu na gari halitoki.

Niko kusini mwa Buffalo, jimbo la New York. Upepo ukivuka Ziwa Erie kabla halijaganda unazoa unyevu na kuja kuumwaga huku kwetu kwenye mkanda mwembamba. Kijiji kimoja kinazikwa, cha jirani wanaota jua. Novemba 2022 Orchard Park walipata karibu mita 2 ndani ya siku chache. Kwa theluji ya namna hiyo plau haitoshi, maana plau inasukuma tu, na unachokisukuma kinataka pa kukaa. Mwanzoni unaweka pembeni. Inakuja nyingine, pembeni kumejaa. Ikifika Januari kingo zimeganda na njia imebaki upana wa bajaji.

Halafu kuna upepo. Kama njia yako inapita uwanda wazi, zile kingo ulizojenga kwa plau ndizo zinazonasa theluji inayopeperuka shambani. Unasafisha asubuhi, jioni imejaa tena na angani hakuna hata wingu. Bloa, ile mashine ya kurusha theluji, inairusha mbali, haiachi ukuta. Kama njia yako imezungukwa na miti na una nafasi ya kusukumia, plau inatosha na ni nafuu sana. Kwa hiyo kabla hujauliza rangi, simama kwenye njia yako uangalie upepo unatoka wapi.

Mimi nina John Deere 1025R, HP (nguvu za farasi) 24 kasoro kidogo, bloa iko mbele. Bloa ya mbele inazungushwa na PTO ya katikati, yaani shafti ya trekta inayozungusha vifaa, ileile inayozungusha deki ya visu vya kukatia nyasi kiangazi, kwa hiyo hakikisha trekta unayonunua inayo, siyo PTO ya nyuma peke yake. Bloa ya nyuma ni rahisi kwa bei, unaifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta basi, ila unafanya kazi kinyumenyume huku umegeuza shingo. Wapo wanaoipenda. Shingo yangu mimi iligoma.

La mwisho, usinunue HP, nunua uzito. Chukua Kubota BX2680 na Kubota L2501. Zote ni HP 24.8. Lakini BX ina kilo kama 700, na L imepita tani. Kwenye nyasi ile nyepesi ni tamu, haichimbi mitaro Aprili udongo ukiwa bado laini, na inapita chini ya matawi. Kwenye theluji ile nyepesi inateleza mpaka uiongezee: cheni kwenye matairi ya nyuma, boksi la uzito kwenye mikono ya nyuma. Kwa ekari 3 za nyasi na mita 120 za njia, mimi ningechukua ndogo na kuiongezea uzito. Fo wili ni lazima, hapo hakuna mjadala.

Fundi Dizeli

Nakazia kwenye uzito. Niko Alberta, karakana ndiyo kazi yangu.

Nyumbani tulizoea kujaza maji kwenye matairi ya nyuma ya trekta za Massey ili yasicheze kwenye kulima. Huku ukijaza maji matupu, Desemba una barafu ndani ya tairi. Watu wanatumia yale maji ya kuoshea vioo vya gari yasiyoganda, au maji mazito yanayotokana na viazisukari, ambayo ni mazito kuliko maji ya kawaida na hayali rimu. Kalsiamu kloraidi nayo ni nzito na rahisi kwa bei, lakini ikivuja inakula chuma.

Sasa kuna mstari mmoja ambao muuzaji hautaji mpaka umuulize, nao ni HP 25, yaani kilowati 19. Kanuni za moshi kwa injini za dizeli zinakaza kuanzia hapo. Ndiyo maana sokoni kumejaa trekta za 24.8, 24.7, 23.9. Ukivuka huo mstari, nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile chujio linajisafisha kwa kuyachoma masizi. Ili liyachome, injini lazima ipate moto na ifanye kazi ya kueleweka. Mtu anayewasha trekta, anasafisha mlango wa gereji dakika kumi, anazima, kila siku hivyo, ndiye anayeniletea trekta yenye taa nyekundu. Kama kazi yako inafanywa na HP 24, usivuke.

Dizeli pia. Ina nta ndani. Baridi ikikaza nta inaganda, filta inaziba, injini inakohoa na kuzima. Ile uliyobakiza kwenye dumu tangu Agosti usiipeleke kwenye tangi mwezi wa kwanza. Nunua iliyochanganywa kwa ajili ya baridi, na dawa ya kuzuia kuganda itie mapema, maana ikishaganda nyingi ya hizo dawa hazisaidii tena. Na hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme, uifunge siku ileile unayonunua. Betri itakushukuru.

Mama Nakuru

Wanaume mmemaliza HP zote, sasa nisikilizeni mimi ninayeipanda.

Dereva wa trekta nyumbani kwetu, hapa New Hampshire, ni mimi. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na theluji ikianguka yeye huwa yuko Ohio. Kwa muuzaji wa kwanza tuliyeenda, kijana alimweleza yeye kila kitu, na mimi ndiye nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Tukaaga tukaondoka.

Kwa wa pili nilimwambia hivi: toa hiyo deki ya visu mbele yangu, uirudishe, halafu niitoe mimi mwenyewe. Mgosi, fanya hivyo hivyo. Trekta moja kwa kazi zote ni maneno ya brosha. Ukweli ni kwamba kila vuli na kila masika utalala chini kufungua kitu na kufunga kingine, na kama ni kazi ya nusu siku utaanza kuahirisha, theluji ya kwanza ikukute na deki bado iko tumboni. Siku hizi kuna deki ambazo unaendesha trekta juu yake na inajishika. Bei imeongezeka, lakini mimi niliona ni heri kuliko kiuno.

Mipira ya kupitishia mafuta ya haidroliki nayo ina tabia yake. Ukiichomoa kukiwa na presha ndani, au ikapata jua, haitaki kurudi, utasukuma mpaka ulie. Zima injini, chezesha ile fimbo ya loda (mikono ya mbele inayoinua baketi) kila upande, ndipo uchomoe.

Pedali pia jaribu ukiwa umevaa buti za theluji, siyo viatu vya kanisani. Kubota ndogo ina pedali moja, mbele unabonyeza kwa vidole na nyuma kwa kisigino. John Deere ndogo ina mbili, ya mbele na ya nyuma. Mimi kisigino na buti nene havikupatana. Jirani yangu anasema kinyume kabisa, na hajakosea, mguu ni wake.

Halafu pimeni mlango wa gereji. Milango mingi ni futi 7, mita 2.1. Ule upinde wa usalama nyuma ya kiti, unaokulinda trekta ikipinduka, unakunjwa ndipo upite. Ukiingia na kutoka mara kwa mara utashawishika kuuacha umekunjwa. Usifanye hivyo. Uinue, ufunge na mkanda, hasa ukikata nyasi kwenye mteremko. Na mteremko unakatwa kupanda na kushuka, siyo kwa ubavu.

Bukavu–Lewiston

Bandugu, jambo. Mama amesema vizuri juu ya upinde, nami naongeza hapo.

Miye sikukuwa na franga za kununua mpya. Huku Maine kuna trekta nyingi za zamani zinauzwa kandokando ya barabara. Lakini angalieni mwaka. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana kuweka upinde kwenye trekta mpya za zaidi ya HP 20 kuanzia 1985 hivi. Ya kabla ya hapo, mara mingi haina. Kama unaipenda sana, uliza kama upinde wake unapatikana na bei gani, kisha ujumlishe. Kuna majimbo, New York ni moja, yako na mpango wa kukurudishia sehemu ya hiyo gharama.

Kuna zingine zilitoka Japani zikiwa zimetumika, maandishi kwenye vifungo ni ya Kijapani. Ni zilezile watu wanaagiza kule kwetu Afrika. Ni ngumu, zinafanya kazi, bei ni nzuri. Shida ni vipuri: zilitengenezwa kwa soko la Japani, namba za vipuri siyo sawa na za huku, na wakala wa mji hapendi kukusaidia. Yangu inasukuma theluji na bledi ya nyuma, na nyasi inakata kwa slasha ya nyuma. Haikati nzuri kama deki. Kwetu hatuchezi gofu.

Mkaa Jijini GR

Nitawaudhi. Niko Grand Rapids, Michigan, ekari 2 na nusu. Trekta ndogo mpya yenye loda na deki inapita dola 20,000, na bloa ya mbele ni maelfu mengine juu yake. Mimi nilinunua mashine ya kukata nyasi ya kuzunguka papo hapo, theluji namlipa mtu. Kwa nyasi tupu mashine yangu inaiacha trekta yoyote mnayoitaja hapa mbali sana, na majani yanayozunguka miti siyarudii kwa mkono. Anayenunua trekta kwa ajili ya nyasi na theluji tu anajitafutia sababu. Kama una kuni, samadi, changarawe ya kusambaza, mashimo ya nguzo za uzio, hapo sawa.

Mjukuu wa Karatu

Mkaa Jijini, hesabu yako ni sahihi mpaka siku mtu wako asipopokea simu. Yule wa Mgosi ameshaanza kutopokea.

Ila nakubali kwenye loda. Nilidhani nanunua bloa, kumbe kinachofanya kazi mwaka mzima ni baketi.

Mgosi wa Anoka

Nashukuruni, nasoma yote. Maswali mawili. Changarawe yangu si itaishia kwenye majani? Na shimo la maji taka na mitaro yake liko upande wa kulia wa njia, ndiko kwenye nafasi ya kusukumia theluji.

Mjukuu wa Karatu

Changarawe: bloa ina viatu pembeni vya kurekebisha. Vishushe ili ule mdomo usimame sentimita mbili tatu juu ya ardhi. Theluji za kwanza, ardhi ikiwa haijaganda, usikwangue mpaka chini. Acha tabaka jembamba lishindiliwe na magari, ligande, liwe sakafu yako ya majira yote. Mawe machache yataruka, utayarudisha Aprili. Na uwe na bolti za ziada mfukoni, zile laini zinazokatika bloa ikila jiwe. Usiweke ngumu badala yake, maana zimeundwa zikatike ili giaboksi ipone.

Ule ukuta unaoachwa na gari la kaunti la kusafisha theluji pale njia inapokutana na barabara, uwahi kabla haujaganda. Hiyo ni theluji iliyoshindiliwa, ina chumvi na mabonge. Uchukue kidogo kidogo kwa baketi.

Shimo: usisukumie huko na usipite na trekta. Theluji iliyotulia ni blanketi la ile mitaro. Ukiishindilia, baridi inashuka chini na mabomba yanaganda. Piga vijiti vyenye rangi kuzunguka eneo lote sasa hivi kabla ardhi haijawa ngumu, na vingine pande zote mbili za njia na kwenye kona. Kama kulia hakuna nafasi, basi jibu la plau au bloa umeshalipata.

Mama Nakuru

Na kuhusu pesa, Mgosi. Wakikwambia mkopo ni riba sifuri, uliza bei ya taslimu ni ngapi. Mara nyingi kuna punguzo ambalo anayechukua riba sifuri halipati, na bima nayo wameiingiza kwenye malipo ya kila mwezi. Omba karatasi mbili, uziweke mezani pamoja. Pia uliza karakana yao iko umbali gani, na kama wanakuja kuichukua trekta nyumbani kwa ile sevisi ya kwanza ya saa 50, maana huna trela ya kuipeleka.

Mgosi wa Anoka

Trela! Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Jumamosi nakwenda na tepu ya kupimia na buti za theluji.