Mrejesho: damu ya wiki ya 29 na kondo lililoziba njia

Ndugu mlionijibu, niliuliza kwa nini nilitokwa na damu nyekundu bila maumivu yoyote nikiwa na mimba ya wiki 29, nanyi mkanisihi nisingoje kupambazuke. Usiku huohuo mume wangu alinipeleka hospitali mjini Kisumu, ambako daktari alikataa kunipima kwa vidole kabla ya skani, kwa kuwa kondo la nyuma likiwa limefunika mlango wa kizazi, kuligusa kunaweza kuzidisha damu ghafla. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: lilikuwa limeufunika mlango wote, na damu ilitoka pale sehemu ya chini ya mji wa mimba ilipoanza kutanuka na kulibandua kidogo. Katika wiki ya 20 niliambiwa kwamba liko chini lakini huenda likapanda, jambo ambalo huwatokea wengi, ila langu halikupanda. Nililazwa, nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na shemeji zangu wawili wakachangia damu. Nilijifungua kwa upasuaji wiki ya 36. Mtoto ananyonya vizuri. Mimi bado nameza vidonge vya kuongeza damu.