Pini ya tatu haishuki kwenye kufuli la mazoezi

Wakuu, nina kufuli la mazoezi (la kujifunzia kufungua bila ufunguo) la plastiki angavu, pini 5, yaani vijiti vidogo vya ndani vinavyozuia kufuli lisigeuke. Pini ya tatu nikiisukuma inabaki hukohuko juu. Nikatia mafuta ya kupikia (msinicheke), ikazidi kunata. Springi imekufa?

— Tunacheka kidogo. Fungua, osha kwa maji ya sabuni. Usitumie spiriti, plastiki hiyo hupasuka nyufa. Na unapotoa silinda ya ndani (sehemu inayozunguka na ufunguo), isukume kwa kijiti cha unene sawa na wake, la sivyo springi zitaruka. Yangu moja sijaiona hadi leo.

— Linganisha springi ya tatu na ya pili. Ikiwa imejipinda, ibadilishe. Ukiivuta kuinyoosha hairudi kama zamani.

— Mrejesho: springi nzima! Kila tundu lina pini mbili, ya juu na ya chini; ya juu ndiyo ilikuwa na kijino cha shaba ubavuni, kinakwaruza tundu. Nimeisugua kwa msasa laini, sasa inateleza. Ila nimechanganya pini za chini, ufunguo haugeuki.

— Chomeka ufunguo kwenye silinda ikiwa nje. Pini ndefu kwenye mabonde ya ufunguo yenye kina, fupi kwenye vilima. Vichwa vyote vilingane na uso wa silinda, hakuna kinachochomoza wala kuzama.