Picha zangu zinaonekana za manjano kwenye vifaa vya wengine: je, nibadilishe programu?

Lenzi_Moja aliuliza:
Salamu kwenu. Ninapiga picha za watu katika muundo ghafi (RAW, yaani data ya kamera ambayo haijachakatwa) na kuzihariri kwa programu ya darktable, na kwenye skrini ya kompyuta yangu ngozi na nguo huonekana sawasawa kabisa. Nikishazituma, wateja hulalamika kwamba zimeelemea manjano, nami nikizitazama kwenye simu zao ninaona kuwa wanasema kweli. Uwiano wa rangi nyeupe, yaani mpangilio unaoiambia programu kipi kihesabiwe kuwa cheupe, huupanga kwa kubofya shati jeupe lililomo pichani. Nimeshauriwa nihamie programu nyingine, Lightroom au Capture One. Je, hilo litatatua tatizo?

Mhariri_wa_Rangi alijibu:
Usihame bado, ndugu. Ninashuku skrini yako. Skrini ikiwa na buluu iliyozidi, wewe bila kujua utaifidia kwa kuongeza manjano mpaka jicho liridhike, na manjano hayo yatabaki ndani ya faili hata ukitumia programu ya bei gani. Fungua picha iliyokamilika, weka kielekezi juu ya kitu kisicho na rangi yake, kijivu au cheupe, kisha usome thamani za nyekundu, kijani na buluu. Zikikaribiana, faili ni safi. Nyekundu na kijani zikifika 135 huku buluu ikiwa 115, faili ndilo la manjano na skrini imekuficha. Dawa yake ni kipimio cha rangi kinachowekwa juu ya kioo cha skrini: lenga kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya weupe wa skrini), gama 2.2 (kipimo cha jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi weupe), na mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba.

Kivuli_Chepesi alijibu:
Kuhusu kutohama ninakubaliana na mwenzangu, ila mimi ningeanza na shati. Sabuni nyingi za kufulia zina viangazaji, yaani kemikali zinazopokea miale ya urujuanimno na kuirudisha ikiwa mwanga wa buluu, na ndiyo maana nguo nyeupe huonekana nyeupe kupita kiasi ikiwa juani. Ukibofya hapo, programu huona buluu nyingi na kuipunguza katika picha nzima, ngozi ikiwemo.

Mhariri_wa_Rangi alijibu:
Hoja ya shati ni ya kweli, lakini peke yake haielezi kwa nini mwenyewe haoni manjano hayo kwenye kompyuta yake. Huenda makosa mawili yamekutana.

Lenzi_Moja alijibu:
Ahsanteni. Nimepima shati, na thamani zote tatu ni 231. Basi faili langu ni safi?

Kivuli_Chepesi alijibu:
Hapana, kipimo hicho hakithibitishi lolote. Shati ulilolibofya lazima lisome sawa, kwa kuwa ndilo uliloiamuru programu ilisawazishe. Ni kama kumuuliza mshtakiwa iwapo ana hatia. Pima kitu kingine kilicho katika mwanga uleule. Kuanzia sasa, fremu ya kwanza ya kila kazi iwe ya kadi ya kijivu iliyoshikwa mahali anapokaa mpigwa picha, ubofye kadi hiyo, kisha unakili mpangilio huo kwenye fremu zote zilizobaki, na mwanga ukibadilika upige kadi upya. Kwa kuwa faili zako ni ghafi, hata picha za zamani unaweza kuzisahihisha bila kupoteza ubora, jambo ambalo JPEG yenye viwango 256 tu kwa kila rangi isingekuruhusu kwa urahisi.

Mhariri_wa_Rangi alijibu:
Nakala za kutuma zihifadhi katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida kwa skrini na tovuti, profaili yake (maelezo yanayoieleza skrini jinsi ya kusoma rangi hizo) ikiwa ndani ya faili. Kasoro ya profaili kwa kawaida hufifisha rangi badala ya kuzitia manjano, kwa hiyo sidhani kuwa ndiyo inayokusumbua. Kabla ya kununua kipimio, hakikisha pia kwamba hali ya usiku ya kompyuta imezimwa unapohariri, kwani yenyewe hupotosha upande wa pili: huitia skrini manjano, nawe ukajikuta unaongeza buluu.