Mume wangu mwanajeshi alikuwa Kongo, sasa usiku anaamka anapiga kelele. Haya matibabu ya kisaikolojia yakoje?

Mama Kulwa:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mawazo, kama una kejeli pita tu kimya kimya. Mume wangu ni mwanajeshi, alikuwa Kongo kule Kivu Kaskazini chini ya UN, mwaka na kikosi sitaji. Aliporudi alikuwa sawa kabisa, anacheza na watoto, tukaenda kwao kusalimia, nikasema Mungu mkubwa. Baada ya miezi kadhaa ndo mambo yakaanza. Usiku anaamka anapiga kelele, jasho chapachapa. Bodaboda ikipasua egzosi nje yeye tayari yuko chini. Kwenye sherehe haendi, kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Na pombe huyu alikuwa hagusi, sasa hivi anakunywa konyagi peke yake. Nikimuuliza anasema "wewe huwezi kuelewa" anabeba funguo anatoka. Mama mkwe anasema katupiwa kitu, anataka apelekwe kwa mtaalamu huko kijijini. Mimi nasoma soma naona kuna matibabu ya kisaikolojia kwa wanajeshi, sasa yakoje hasa, mtu anakaa anaongea tu? Na akienda si ndo ataitwa chizi kazini?

Mzalendo Og:
Pole dada. Ila jeshi si lelemama, wazee wetu walimtoa Amin 1979 wakarudi wakashika jembe, nani alienda kwa mwanasaikolojia? Mpe muda, muombeane, hiyo pombe ndo adui. Mengine mambo ya wazungu.

Binti Muhaya:
Mzalendo, hao wazee unaowataja mmoja wao ni baba yangu mzazi. Alikuwa mgambo akachukuliwa 1978 Amin alipoingia Kagera, akaenda hadi Uganda na kurudi. Jembe alishika kweli, kahawa yake ilikuwa ya mfano. Ila sisi watoto wote tulijua baba akilala humshiki kumuamsha, unasimama mlangoni unamuita kwa mbali, na tulijua siku akiwa na pombe tunalala kwa bibi. Marehemu mama ndo alibeba vita ile miaka yote na hakuna aliyempa medali. Kwahiyo tusiseme hawakuumwa, semeni hawakuulizwa.

Nesi wa Zamu:
Dada Mama Kulwa, nafanya kazi wodi ya afya ya akili, sitasema hospitali gani. Unayoeleza yanafanana sana na kile wanaita PTSD, yaani majeraha ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, ila kipimo ni mpaka daktari akae naye. Kuchelewa kutokea kusikushangaze, mtu anaweza kurudi mzima na dalili zikaja miezi baadaye.

Kuhusu kuongea, ndiyo anaongea lakini si kupiga stori. Kuna njia inaitwa tiba ya masimulizi, hii naipenda kwa sababu imejaribiwa hapa hapa kwetu, kambi ya Nakivale Uganda kwa wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, sio maprofesa. Baadaye wakaitumia mashariki ya Kongo kwa watu waliotoka msituni kwenye vikundi vya silaha. Mgonjwa anatandikiwa kamba chini, hiyo kamba ni maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka ua pale palipokuwa na jambo zuri na jiwe pale palipokuwa na baya. Halafu kikao kwa kikao wanapita kwenye mawe. Aliona nini, alisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, ilikuwa saa ngapi, nini kilifuata. Mtaalamu anaandika, kikao kijacho anamsomea. Shida ya ugonjwa huu kumbukumbu imekatika vipande, mlio wa egzosi unakivuta kimoja na mwili unaamini risasi ni za sasa hivi. Ikishapangwa na tarehe na mahali inaanza kukaa kama jambo lililopita. Vikao vya mwanzo anaweza kutoka hali mbaya zaidi, hapo ndo wengi wanakimbia, jiandae.

Dawa zipo pia, setralini na za jamii yake, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Usimnunulie Valium duka la dawa eti alale, haitibu hii kitu na ikichanganyika na pombe inaweza kuua. Na kama ana silaha nyumbani, au kashaanza kusema maneno ya "mngekuwa na amani bila mimi", usingoje kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mstaafu Darfur:
Mimi nilikuwa Darfur, kule Sudan, kulinda amani kipindi kile cha 2013 tulipopoteza wenzetu 7 siku moja, mwezi wa saba. Sikuwepo kwenye msafara ule na ndo kilichonitafuna, kwanini wao. Hofu niliizoea, ila hii ya kujiona nina deni kwa marehemu ilikuwa inanimaliza. Najua kuna vijana waliokuwa kambi ya Semuliki huko huko Kongo iliposhambuliwa Desemba 2017, walikufa wenzao 15, wanatembea na kitu hicho hicho na hakuna anayewauliza.

Nilitibiwa. Mtaalamu wa kwanza nilimkimbia, kila nikifungua mdomo ananiambia nisamehe nisahau. Wa pili alikuwa mama mtu mzima hajui hata bunduki ya AK inashikwaje, ila alikuwa ananisikiliza bila kuniogopa. Ndoto bado zinakuja mara moja moja, siwezi kudanganya, ila silali tena na viatu.

Kuhusu kazi, minong'ono ipo shemeji. Lakini mlevi anayepiga watu kambini anapoteza kazi haraka kuliko anayeenda kliniki. Usimwambie twende kwa daktari wa akili, mwambie tukaangalie huo usingizi. Mwanajeshi anakubali kuumwa usingizi. Hospitali ya jeshi Lugalo anaweza kuanzia pale, akiona aibu ya kukutana na wenzake kuna Muhimbili, na kwa Dodoma kuna Mirembe.

Mzalendo Og:
Binti Muhaya samahani kwa hilo la mzee. Mi nilichomaanisha watu wasikimbilie vidonge.

Mama Kulwa:
Asanteni jamani nimesoma mpaka nimelia. Hilo la usingizi nimelijaribu jana, hakukataa, alisema tu "tutaona". Swali Nesi, nikienda naye naingia ndani? Na mama mkwe nimwambieje?

Nesi wa Zamu:
Siku ya kwanza ingia kama yeye ametaka, ueleze yale ya usiku maana mwenyewe hayaoni. Vikao vya masimulizi mwachie, na akitoka usimhoji. Chai iwe tayari inatosha. Mama mkwe usibishane naye, akitaka kuombea aombe, ila muulize vizuri huyo mtaalamu wa kijijini anampa dawa gani ya kunywa, kuna za mizizi zinagombana na hizi za kwetu.