Naomba ushauri: kupima populizimu kwa mtu ambaye chama chake kinatawala

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu populizimu na tabia za wapiga kura, nimekwama kwenye dodoso. Nafuata maana ya mwanasayansi wa siasa Cas Mudde (2004): populizimu ni mtazamo unaoigawa jamii kuwa wananchi wema dhidi ya vigogo mafisadi. Shida ni sentensi za kukubali au kukataa, kama "wanasiasa hawajali watu wa kawaida". Mfuasi wa upinzani anakubali chapu; yule ambaye kiongozi wake ndiye rais anauliza "wanasiasa wepi?", kisha anajaza "sina uhakika". Kwa alama zake utadhani hana chembe ya populizimu, kumbe majaji na wanahabari hataki hata kuwasikia! Nimejaribu kuandika "wanasiasa wengi", haikusaidia. Je, nitenganishe maswali ya wanasiasa na ya vigogo wengine kama majaji na wanahabari? Nikifanya hivyo, nitaweza kulinganisha na tafiti za awali?