Mjadala: Gitaa moja, besi na dramu. Pengo la ridhimu lizibwe na nani?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuzunguka. Muziki wa dansi ulipangwa kwa gitaa la solo, la ridhimu (linaloshikilia mapigo kwa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), la besi, na mara nyingi lile la katikati ambalo Wakongo wanaliita mi-solo. Juu yake kuna tumba na upepo, yaani tarumbeta na saksafoni. Bendi ikibaki na gitaa moja, besi na dramu, mashairi yanapita salama kwa sababu mwimbaji anajaza. Balaa linaanzia kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha ambapo magitaa yanatawala. Mpiga gitaa akiachia kodi na kuingia kwenye solo, katikati panabaki wazi, na aliyeko ukumbini anasikia muziki umepungua ghafla hata kama hajui kilichotoka.

Msimamo wangu: pengo hilo ni la mpiga besi. Akiendelea kupiga kana kwamba ridhimu bado iko nyuma yake, anaiangusha bendi. Apige noti mbili kwa pamoja, apande juu, aongeze distosheni (mkwaruzo wa sauti) kidogo. Lemmy, mpiga besi wa bendi ya roki ya Motörhead, alipiga kodi kwenye besi akiipitisha kwenye amplifaya za Marshall, na pengo la gitaa la pili halikusikika. Jack Bruce, mpiga besi wa bendi ya Cream, alizitembea nyuzi zote nne. Kwa nini kwetu mpiga besi aambiwe atulie chini?

Mpiga besi, Mombasa

Mkuu, mifano hiyo naiheshimu lakini haifanani na hali yetu. Cream na Motörhead walitunga nyimbo zao kwa watu watatu. The Police vilevile: gitaa la Andy Summers lilitandaza kodi pana zenye mwangwi, na Sting akaacha nafasi kubwa kwenye besi kwa makusudi. Hawakuwa na cha kuziba kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Sisi tunachukua wimbo uliopangwa kwa watu saba au kumi na kuukata. Kazi ya kwanza ni kuupanga upya: sikiliza kipande gani watu wanakiimba kwa mdomo. Mara nyingi ni upepo, wala si ridhimu. Mpe mpiga gitaa kile kipande cha upepo, na nusu ya pengo imekwisha.

Nusu iliyobaki inazibwa na urefu wa noti. Kwenye mashairi piga noti fupi, uzime uzi kabla sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) haijalia. Solo ikiingia, noti zilezile, kwa nguvu ileile, ziache zilie mpaka inayofuata ifike. Ukumbi unasikia sakafu imepanuka. Kosa ninalolisikia kila siku ni mpiga besi kupandwa na mori pale solo inapoanza na kumwaga noti. Hapo wanakuwa wawili wanaosema kwa pamoja na hakuna aliyebaki ameshika kodi.

Mpiga solo

Naunga mkono, ila msimtwishe mpiga besi mzigo wote. Solo ya dansi toka zamani inapigwa kwenye nyuzi mbili, noti ya juu na mwenzake wa tatu au wa sita chini yake. Ukipiga hivyo, kodi inasikika ndani ya solo yenyewe. Anayeleta pengo ni mpiga gitaa anayeacha mtindo huo na kuvuta noti mojamoja ndefu za roki. Kwa watu watatu, chagua kipande kifupi cha mizunguko miwili, kirudie, na mwisho wa kila mzunguko gonga kodi mara mbili kabla hujarudi juu. Mcheza dansi haoni pengo hapo.

Mwanzisha mada

Sawa, ila wengi mnaopinga noti mbili kwenye besi mmezisikia zikipigwa vibaya. Tuingie kwenye vidole.

Ukipiga G ya freti (kijichuma cha shingoni mwa gitaa) ya 3 kwenye uzi wa E pamoja na B iliyo karibu yake kwenye uzi wa A, unapata matope. Moja ina Hz 49 (mitetemo kwa sekunde), nyingine takriban 62, na chini huko sikio haliwezi kuzitenganisha. Ipandishe B hiyo oktava moja, yaani hadi B inayofuata juu: freti ya 4 kwenye uzi wa G, takriban Hz 123. Sasa noti zote mbili zinasikika wazi na ukumbi unajua kodi ni kubwa (meja). Ukitaka kodi ndogo (maina), shusha ile ya juu hadi freti ya 3. Umbo ni hilohilo kwa C, freti ya 8 na ya 9, na kwa D, freti ya 10 na ya 11. Kidole gumba kipige uzi wa E, cha shahada kipige uzi wa G, nyuzi za katikati zizimwe na mkono wa kushoto.

Wala usizipige pamoja muda wote. Noti ya chini iangukie kwenye pigo, ya juu iingie nyuma ya pigo, yaani kati ya pigo moja na jingine, palepale ridhimu ilipokuwa inagonga. Ndiyo siri yenyewe.

Kama sauti ya mwimbaji inaruhusu wimbo kukaa kwenye A, mambo yanakuwa mepesi zaidi: uzi wa A uachwe wazi na freti ya 6 ya uzi wa G juu yake, D wazi na freti ya 11, E wazi na freti ya 1. Nyuzi za chini zinalia zenyewe na mkono wa kushoto unashughulika na noti moja tu.

Mpiga besi, Mombasa

Hapo umeeleza kitu cha maana, na hiyo ya nyuma ya pigo naikubali. Lakini taja na gharama yake. D ya freti ya 10 kwenye uzi wa E ina Hz 73 sawa na uzi wa D ukiwa wazi, ila sauti yake ni nzito na butu, kiki (dramu kubwa ya mguu) ikiingia inapotea. Pili, huko juu besi nyingi haziko sawa. Linganisha noti ya freti ya 12 na ile sauti ya filimbi unayoipata ukigusa tu uzi juu ya freti hiyohiyo. Zikipishana, rekebisha tandiko la daraja, kile kipande kinachobeba uzi mwishoni mwa besi: noti ya freti ikiwa juu, lirudishe nyuma, ikiwa chini, lisogeze mbele. Bila hivyo noti yako ya juu itagombana na gitaa usiku kucha, na watu watasema mwimbaji ndiye anayetoka nje ya sauti.

Fundi mitambo

Niingie kwa upande wa mashine, maana nusu ya mnachogombania kinaharibikia kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti.

Uzi wa E wa besi una Hz 41. Spika nyingi za ukumbini hazitoi kiwango hicho kwa nguvu yoyote ya maana. Mnachokisikia kama besi ni 82 na 123, yaani sauti za juu zinazolia ndani ya noti ileile. Kwa hiyo mpiga besi anayefungua kitufe cha sauti za chini mpaka mwisho ili ajaze ukumbi anachosha amplifaya tu. Kata kila kitu chini ya 40, punguza dB 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) hivi kwenye 250 ambako matope hukaa, ongeza kidogo kati ya 700 na 1000. Hapo ndipo vidole vinapoonekana na besi inaposikika hadi meza ya nyuma.

La pili linasahauliwa sana: mafundi tumezoea kulikata gitaa chini ya 150 ili lisigongane na wengine. Kwenye bendi ya watatu hakuna wengine. Liachie hadi 90 au 100, nalo litajaza sehemu kubwa ya pengo bila mtu kubadilisha kidole.

Distosheni. Ukiipitisha besi nzima kwenye pedali ya kukwaruza, noti ya chini inaliwa na unabaki na mlio kama wa gitaa bovu. Gawa njia mbili: safi, ikatwe juu ya 200, ya kukwaruza, ikatwe chini ya 200, kisha uzichanganye, ya pili ikiwa chini kuliko unavyotamani ukiwa jukwaani. Angalia na hili: kama njia moja inapita kwenye pedali ya kidijitali inayochelewa milisekunde 2.5, kwenye Hz 200 mawimbi yanakuwa kinyume kabisa na yanafutana. Besi inakonda palepale ulipotaka inenepe. Geuza faza (mwelekeo wa mawimbi) ya chaneli moja, sikiliza, baki na upande wenye sauti nene.

Kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, inasaidia noti mbili kukaa sawa: uwiano wa 4 kwa 1, muda wa kuanza kubana milisekunde 20 hadi 30 ili kidole kisiuawe, upunguzaji wa dB 3 hadi 6. Zaidi ya hapo noti ndefu na fupi zinafanana, na kazi yote aliyoieleza mkuu wa Mombasa inapotea.

Kuna wanaolinakili gitaa upande wa pili wakilichelewesha milisekunde 15 au 20 ili lionekane mawili. Kwenye ukumbi wenye mfumo wa upande mmoja tu, na hizo ni nyingi, nakala zinagongana na gitaa linatoka kama liko ndani ya bomba. Msijaribu kabla hamjajua spika zimefungwaje.

Mpiga dramu

Mmenisahau. Maraka na tumba vikiondoka, kinachokosekana ni mtiririko wa noti ndogondogo za juu, na hilo besi haliwezi kulileta hata lipande wapi. Hai-hati (matoazi mawili ya mguu) ikae imefungwa na mfululizo usikatike sebene nzima, tumba ihamie kwenye tomu mbili, zile dramu za katikati. Matoazi makubwa yagongwe kwa uchache, maana yanafunika palepale fundi alipotengeneza nafasi ya vidole vya besi.

Mchangiaji mwingine

Kwa nini msicheze juu ya muziki uliorekodiwa? Kinanda na upepo vyote vimo, ugomvi umekwisha.

Mpiga dramu

Kwa sababu sebene haina urefu maalumu. Watu wakijaa uwanjani inarefushwa, wakichoka inakatwa. Rekodi ina dakika zake. Pia lazima metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) iwe sikioni mwangu, chaneli moja metronomu na nyingine muziki, na fundi akizikosea waya, ukumbi mzima unasikia tiki-tiki.

Mpiga solo

Na kuna suala la ajira. Mwenye ukumbi akiona watatu wanatosha kwa rekodi, kesho atataka mmoja.

Mwanzisha mada

Hapo tuko pamoja. Nabaki na hoja yangu kwamba mpiga besi wa bendi ya watatu asiyejua noti mbili amejifunza nusu ya kazi.

Mpiga besi, Mombasa

Nami nasema ajue, ila azitunze. Kwenye mashairi ya rumba distosheni izimwe na noti moja inatosha. Sebene ikianza, arefushe noti kwanza, mizunguko minne. Mpiga gitaa akipanda juu ya freti ya 12 na kuziacha nyuzi zake za chini, ndipo aingize zile noti za nyuma ya pigo. Gitaa likirudi kwenye kodi, aziache papo hapo. Na wapatane ishara mazoezini, kwa sababu jukwaani hakuna atakayekisikia kinachosemwa.