Watengenezaji wa vifaa vya besi, tuandikieni namba za kweli!

Wakuu wapiga gitaa la besi, mnivumilie. Leo nina hasira na sitazificha.

Hivi kampuni inapoandika neno BASS kwa herufi kubwa juu ya pedali, inatuahidi nini hasa? Nauliza kwa sababu nimenunua pedali ya overdraivu (kile kiboksi cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti) yenye neno hilo. Nyumbani ilinguruma vizuri, nikaipeleka kwenye shoo. Kiitikio kilipoingia, pale ambapo bendi nzima inaitegemea besi inenepe, nikaikanyaga. Besi ikatoweka! Kilichobaki ni mkwaruzo mwembamba uliojificha nyuma ya gitaa la ridhimu. Mpiga ngoma akanigeukia kama mtu aliyeachwa njiani. Nikaizima na kumaliza shoo bila pedali niliyoilipia.

Nikaenda nayo kwa fundi wa elektroniki, tukaifungua. Ndani mna bodi ileile ya pedali yao ya gitaa la solo, na jina la ile ya gitaa limechapwa palepale kwenye bodi. Wamebadilisha kapasita moja (kijenzi kidogo cha umeme) na rangi ya boksi, basi. Kapasita ya mlangoni, ile inayoamua sauti nene ipite au izuiwe, hawakuigusa.

Kwa wanaoanza, nieleze kwa nini hili ni kosa kubwa. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi hutoa mtetemo wa Hz 41, yaani mara 41 kwa sekunde. Mwenye besi ya nyuzi tano ana B ya Hz 31. Gitaa la kawaida linaanzia Hz 82, yaani oktava nzima juu yetu. Kapasita ndogo iliyowekwa kwenye njia ya sauti huachia sauti nyembamba na kuzuia nene, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyozuia zaidi. Kwa gitaa hilo halina ubaya, mara nyingi ni ufundi wa makusudi. Chukua Tube Screamer ya Ibanez, pedali ya gitaa inayojulikana duniani kote: hatua yake ya kukwaruza inaanza kupunguza ukuzaji kwa chochote kilicho chini ya takriban Hz 720, ili gitaa lisitie matope na liiachie besi na ngoma ya mguu nafasi yake. Kwa mpiga solo huo ni uamuzi wa busara kabisa. Sasa mtu akichukua mawazo ya namna hiyo, akahamisha kizuizi kidogo tu, kisha akamuuzia mpiga besi, amemuuzia kifaa kilichobuniwa kumwondoa yeye kwenye muziki.

Na mbona nyumbani haisikiki? Hapa ndipo wengi tunapopotezwa, na wauzaji wanafahamu. Sikio la binadamu lina uwezo wa kuijaza noti ambayo msingi wake haupo. Likisikia Hz 82, 123 na 164, ubongo unatambua kwamba noti ni ile E ya 41 hata kama 41 yenyewe imekatwa. Ukiwa peke yako chumbani unasikia besi, na mkwaruzo unakufurahisha. Kwenye bendi, zile 82 na 123 na zote za juu yake zinagombaniwa na gitaa mbili, kinanda na ngoma. Mahali ambapo wanaokugombania ni wachache ni kule chini, na huko ndiko pedali imekufungia mlango. Kwa hiyo zile video za kuonyesha pedali, mtu kakaa peke yake anapiga besi bila ngoma, hazimsaidii mtu wa jukwaani hata kidogo.

Najua kuna atakayeniambia, "mkuu, ongeza besi kwenye amplifaya." Hapana. Kilichokwisha kukatwa mwanzoni mwa njia hakirudi kikiwa kizima kwa kuzungusha kitufe mwishoni. Isitoshe, kitufe cha besi kwenye baadhi ya amplifaya hakifanyi kazi zaidi kwenye 41, kinavimbisha eneo la juu zaidi ya hapo, ndiyo maana unapata mngurumo wa kifuani bila noti. Na kila desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza kule chini zinadai nguvu mara nne. Amplifaya inaishiwa pumzi, spika inagonga, kisha fundi mitambo anakulaumu wewe.

Dawa inajulikana. Pedali ya besi iwe na kitufe cha kuchanganya sauti safi na ile iliyokwaruzwa, ili chini ibaki imara huku mkwaruzo ukikaa juu. Ziko kampuni zinazofanya hivyo kwa uaminifu mkubwa, nazipa heshima. Lakini hata hapa kuna wanaotuchezea: wanaongeza kitufe hicho bila kuangalia kwamba saketi yao ya mkwaruzo inaigeuza sauti juu chini. Sauti safi inasukuma mbele wakati ile nyingine inavuta nyuma. Ukiweka kitufe katikati, zile sehemu za chini zinafutana, na besi inapotea kuliko hata ungeiacha upande mmoja. Nimeshika pedali ya namna hiyo kwa mikono yangu. Ukiwaandikia, wanakujibu kwamba "hiyo ni tabia ya pedali". Tabia gani? Hilo ni kosa la ubunifu, na aliyeibuni angeligundua laiti angeipiga mara moja tu pamoja na ngoma.

Ninachodai hakiwagharimu kitu: waandike namba. Pedali hii inapitisha kuanzia Hz ngapi ikiwa imewashwa, na kwa upungufu wa desibeli ngapi. Mstari mmoja kwenye karatasi. Namba hiyo hawaandiki kwa sababu ikiandikwa, nusu ya hizo pedali za "besi" zitakosa wanunuzi.

Na ugonjwa huu wa kuficha namba haukuanzia kwenye pedali. Angalieni amplifaya. Mbele imeandikwa WATI 500 kwa maandishi unayoweza kuyasoma kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, unakuta kwamba hizo 500 ni kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Wewe una boksi moja la spika la omu 8, kama wapiga besi wengi wanaobeba vifaa vyao wenyewe. Unapata karibu nusu ya hizo 500, pengine zaidi kidogo. Ili uzipate zote unahitaji boksi la pili la omu 8, yaani ununue na ubebe mara mbili. Mwingine akisikia hivyo anakimbilia kuunganisha maboksi mawili ya omu 4, anashuka hadi omu 2, na amplifaya nyingi za transista hazijatengenezwa kubeba hilo. Inajizima katikati ya wimbo kama ana bahati, inaungua kama hana. Yote hayo yangezuiwa kwa kuandika mbele, kwa ukubwa uleule, wati ngapi kwa omu 8 na ngapi kwa omu 4.

Halafu kuna wale wanaoandika nguvu ya kilele, ile inayofikiwa kwa kufumba na kufumbua tu, kama vile ndiyo nguvu ya kudumu. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa na wati 300 za vali, na ilitosha kuwasukuma wapiga besi kwenye majukwaa makubwa kwelikweli. Sasa najiuliza, inakuwaje kifaa kinachojiita cha wati 800 kinazidiwa na ngoma kwenye ukumbi wa kawaida? Na tukumbuke kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida kwenye kelele za bendi. Ili usikike una sauti mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hiyo kuruka kutoka 500 hadi 800 kwenye tangazo ni namba ya kupendezesha boksi, faida yake jukwaani ni ndogo mno. Uwezo wa spika kugeuza wati moja kuwa sauti una uzito zaidi, na hiyo ndiyo namba ambayo ama haipo kabisa au ipo bila maelezo. Wanakuandikia "kuanzia Hz 35" bila kusema hapo Hz 35 sauti imeshuka kwa desibeli 3 au 10. Bila hilo neno la mwisho, hiyo 35 haina maana yoyote.

Umeme wa pedali sitauchambua sana maana kila mmoja wetu ameshaumia nao. Wengi tumeshakubaliana kimyakimya kwamba ni volti 9, hasi katikati ya plagi. Basi kwa nini bado mtu anatengeneza pedali inayotaka chanya katikati, na tundu ni lilelile, plagi inaingia bila kipingamizi, na hakuna ulinzi ndani? Unachomeka gizani kabla ya shoo, umeiua. Na miliampea je? Overdraivu ya kawaida inakula chache tu, pedali ya kidijitali inaweza kudai 300 au zaidi, lakini kwenye mwili wa kifaa hapajaandikwa kitu. Unachomeka zote kwenye adapta moja yenye waya wa kugawa, na ile ya kidijitali inaanza kupiga mluzi ndani ya overdraivu. Muuzaji anakwambia ununue adapta yenye matundu yaliyotenganishwa. Sawa, ni ushauri mzuri, ila ungeandikwa kwenye boksi la pedali nisingeupatia jukwaani.

Kuna hili la besi zenye betri, linaniuma kuliko watu wanavyodhani. Priampu ya ndani (kikuza sauti kidogo kilichomo kwenye besi) inaendelea kula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi. Mzoefu anajua achomoe. Lakini betri ikifikia mwisho wake sauti inaanza kukatika na kukwaruza, na kwenye besi nyingi hakuna taa ya kuonya wala swichi ya kurudi kwenye pikapu tupu (kinasa sauti cha chini ya nyuzi, kisichohitaji betri) ili umalize wimbo. Mbaya zaidi, mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu! Besi ya mtu anayepiga jukwaani, betri inabadilishwa kwa bisibisi, katikati ya nyimbo, gizani. Aliyebuni hivyo hakumfikiria mpiga besi hata dakika moja.

Na zile pedali zenye tundu la XLR (lile la pini tatu) la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa: nyingine hazina swichi ya kukata ethi, yaani waya wa ardhini. Ukichomeka amplifaya yako na mikisa pamoja, unazaliwa mzunguko wa ethi na mngurumo wa umeme unaanza, Hz 50 au 60 kulingana na umeme wa nchi. Tazameni sasa ubaya wake kwetu: G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni Hz 49. Mngurumo umekaa katikati ya noti zetu. Mpiga solo fundi anaweza kumkatia chini yote na hapotezi kitu. Mimi akinikatia hapo, amekata muziki wangu. Swichi hiyo ni kitu kidogo sana ndani ya pedali, kuiacha ni uzembe. Vivyo hivyo pedali zisizostahimili zile volti 48 ambazo mikisa hutuma kwa ajili ya maiki: fundi anaziwasha kwa njia zote bila kukuuliza, na wewe unasikia mlio wa kutisha au unapoteza kifaa.

Sasa kwa kuwa hawataki kuandika, naomba tuandike sisi humu. Chukua pedali yako yoyote inayojiita ya besi. Rekodi uzi wa E wazi pedali ikiwa imezimwa, kisha iwashe, sawazisha ukubwa wa sauti, upige tena kwa mkono uleule mahali palepale. Fungua programu yoyote ya kurekodi yenye picha ya masafa, utazame Hz 41 na 82 kabla na baada. Usishangae 41 kuwa fupi kuliko 82 hata bila pedali, besi nyingi ndivyo zilivyo. Tunachotafuta ni kilichopungua baada ya kukanyaga. Kama ina kitufe cha kuchanganya, pima pia kikiwa katikati. Weka jina la pedali, namba ulizozipata, na miliampea kama una mita ya kupimia.

Na tafadhali, asije mtu humu kuniambia kwamba besi haisikiki hata hivyo.